Je, wajua kwa nini dawa yako ya maumivu inaweza kumuua mbwa?

Mbwa akigongwa na gari, mwenye huruma hukimbilia kabati la dawa. Namwelewa kabisa, lakini hapo ndipo hatari inapoanzia.

Ibuprofeni, diklofenaki na naproxeni hutuliza maumivu kwa kuuzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Ni kweli kwamba kemikali hizi huchochea maumivu na uvimbe penye jeraha. Lakini ni hizo hizo zinazokinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na kusaidia damu ifike kwenye figo. Dawa haichagui, huzizuia zote.

Binadamu hustahimili kuliko mbwa. Chukua naproxeni: kwetu nusu ya dawa hutoka kwenye damu kwa saa 12 hadi 17 hivi, lakini kwa mbwa huchukua takriban saa 74. Ini lake huimwaga dawa kwenye utumbo pamoja na nyongo, kisha utumbo huifyonza upya. Ukimpa kidonge kingine kesho yake, kinakuta sehemu kubwa ya cha jana bado imo. Matokeo yake ni vidonda vya tumbo, kutapika damu, kinyesi cheusi kama lami, na figo kushindwa kazi.

Aliyeumia ndiye aliye hatarini zaidi. Huenda anavuja damu kwa ndani usipoona, presha imeshuka, na figo zake zinaishi kwa msaada wa prostaglandini hizo hizo unazotaka kuzizima.

Parasetamoli nayo si salama kwa kukisia. Daktari wa mifugo anaweza kumpa mbwa kwa kipimo maalumu, ila ikizidi huharibu ini na kuzifanya chembe nyekundu za damu zishindwe kubeba oksijeni, mpaka ufizi ugeuke rangi ya kahawia. (Paka usimpe kabisa, kidonge kimoja chatosha kumuua.)

Basi umsaidieje? Kwanza jikinge, maana hata mbwa mpole huuma akiwa na maumivu. Mfunge mdomo kwa kitambaa laini, isipokuwa kama anatapika au anapumua kwa shida. Inua mdomo wa juu utazame ufizi: ukiwa mweupe badala ya waridi, usipoteze hata dakika, mkimbize kwa daktari wa mifugo. Mlaze juu ya ubao au blanketi lililovutwa vizuri, na usijaribu kuunyoosha mguu uliovunjika. Penye uvimbe weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 10 hivi. Usimlishe, kwani huenda akahitaji nusukaputi.

Daktari ana sindano kali za maumivu, na dawa kama karprofeni na meloksikamu zilizopimwa kwa ajili ya mbwa. Hizo mbili hazichanganywi na ibuprofeni wala steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe). Kwa hiyo kama ulishampa kidonge chochote, mwambie daktari bila aibu ni kipi, kiasi gani na saa ngapi, na ubebe pakiti yake.