Zima kwanza, ndipo uhame: usalama kwenye kiti mwendo cha umeme

Kiti mwendo cha umeme ni kizito. Vingi huzidi kilo 50 kabla mtu hajakikalia, na mota zake zina nguvu ya kusukuma kitanda. Nguvu hiyo ndiyo inayompeleka mtumiaji sokoni, kazini na msikitini bila kungoja mtu wa kumsukuma. Lakini anapohama kwenda kitandani au chooni, nguvu hiyohiyo inaweza kumwangusha.

Sisi wa fiziotherapia husisitiza jambo moja kuliko yote: zima kiti kabla hujainua hata mguu. Kikiwa kimewashwa, kijiti cha kuendeshea hakijui kama kimeguswa na mkono au na nguo. Mkono wa dera ukinasa hapo, au msaidizi akiinama na tumbo lake likakigusa, kiti huondoka wakati makalio yako yako nusu kitandani, nusu hewani. Kuzima ni kubonyeza kitufe kimoja tu. Msaidizi naye azoee kutazama taa ya kiti kabla ya kumshika mtu.

Breki za viti vingi vya aina hii hujifunga zenyewe ukishazima. Hata hivyo, karibu na mota kuna vishikio vya kuachia magurudumu ili kiti kisukumwe kwa mkono betri ikiisha. Vikisahaulika vikiwa vimeachiwa, kiti hakina breki. Kisukume kidogo kikiwa kimezimwa. Kikiserereka, usihame mpaka vishikio virudishwe mahali pake.

Sogeza kiti ubavuni mwa kitanda, kikae mshazari kidogo. Aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi aweke kitanda upande wake wenye nguvu, jambo ambalo katika vyumba vyetu vidogo mara nyingi lina maana ya kuhamisha kitanda chenyewe. Fanyeni hivyo, inafaa. Kama magurudumu madogo yako mbele, rudi nyuma kidogo ndipo uzime. Yataelekea mbele na kiti kitatulia zaidi. Kunja vikanyagio, miguu ikae sakafuni, na sakafu iwe kavu. Usisimame juu ya vikanyagio kamwe, maana kiti kinaweza kupinduka kwa mbele.

Kisha inua mkono wa kiti ulio upande wa kitanda, sogea ukingoni mwa kiti, inama mbele. Kichwa kikielekea kushoto, makalio huenda kulia kwa urahisi zaidi. Jinyanyue, usijiburute. Kujiburuta huchuna ngozi, na kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo asiyehisi maumivu, mchubuko mdogo unaweza kugeuka kidonda cha miezi. Ikiwa mikono haina nguvu ya kukunyanyua, tumia ubao laini wa kuhamia, uliopigwa msasa vizuri, unaounganisha kiti na kitanda. Hakikisha kitanda hakiko juu kuliko kiti. Kupanda ni kugumu kuliko kushuka.

Ndugu wanaosaidia, msimvute mgonjwa kwa makwapa. Bega lililolegea kwa kiharusi huweza kuteguka hivyo, na maumivu yake hukaa muda mrefu. Mshikeni kiunoni, kwa mkanda mpana ikiwezekana, mkunje magoti na kuhesabu pamoja naye, “moja, mbili, tatu”, ili naye atumie nguvu alizo nazo. Yeye asiwaning’inie shingoni. Akiwa mzito kuliko uwezo wako, ita mtu wa pili.

Wakati wa kurudi kitini, utaratibu ni uleule: kiti kimezimwa, vikanyagio vimekunjwa. Makalio yafike nyuma kabisa, mto usiwe na mikunjo, miguu irudi juu ya vikanyagio, mkanda ufungwe. Kusanya khanga au shuka lisining’inie karibu na magurudumu. Hapo ndipo uwashe kiti, kwa kasi ndogo kabisa, na usiguse kijiti mpaka msaidizi awe amesogea pembeni.