Wivu unapogeuka ugonjwa: maswali tunayoulizwa

Kila mwenye mpenzi ana wivu. Unakuwa ugonjwa lini?

Wivu wa kawaida hupoa mtu akipewa maelezo. Wa kiugonjwa huyageuza maelezo kuwa ushahidi: mke akichelewa alikuwa kwa mwanamume, akiwahi kurudi kuna anachoficha. Mhusika hupekua simu, hunusa nguo, humfuata mwenzake njiani, humhoji hadi alfajiri. Wanawake nao huupata. Mwaka 1955 madaktari John Todd na Kenneth Dewhurst waliupa jina la Othello, yule mume mwenye wivu wa kwenye tamthilia ya Shakespeare.

Na kama mwenzake anachepuka kweli?

Bado anaweza kuwa mgonjwa. Daktari huangalia amejuaje. Aliyefumania ana sababu. Anayesema amejua kwa sababu pazia limefungwa vibaya, akili yake inahitaji kuangaliwa hata kama tuhuma itakuja kuthibitika. Ndiyo maana kumwapisha mke mbele ya wazee hakumponyi mume. Atatulia siku mbili, kisha ataanza upya.

Chanzo ni nini?

Vingi: ulevi wa muda mrefu, kokeini, skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoleta imani potofu na kusikia sauti zisizokuwepo), sonona (huzuni ya kiugonjwa), ugonjwa wa Parkinson (wa kutetemeka) na baadhi ya dawa zake, hata kupotewa na kumbukumbu uzeeni. Kwa hiyo aanze kwa daktari.

Tiba ya mazungumzo itamsaidiaje mtu asiyeambilika?

Mwaka 1952 huko Marekani, daktari wa akili Aaron Beck alieleza jinsi alivyomtibu kwa mazungumzo mgonjwa wa skizofrenia aliyeshikilia imani potofu kwa miaka. Leo mwongozo wa matibabu wa Uingereza unataka wenye skizofrenia wapewe tiba ya fikra na tabia, angalau vikao 16, pamoja na dawa.

Kwa mwenye wivu pia, mtaalamu wa tiba hii habishani. Anauliza: kati ya 100, una uhakika kiasi gani? Kuchelewa kule kungeweza kusababishwa na nini kingine? Wanaandika yote: foleni, kikao, simu kuisha chaji. Mara nyingi uhakika hushuka kidogo kidogo, na hapo ndipo pa kuanzia. Kisha wanagusa tabia. Kupekua simu hutuliza kwa dakika chache tu, halafu shaka hurudi na nguvu zaidi. Basi mgonjwa hujaribu kuacha kwa jioni moja, aone wasiwasi unafika wapi. Chini ya hayo yote mara nyingi kuna hofu ya kuachwa, nayo inahitaji muda wake.

Tiba hii hutumika pia kwa wagonjwa wa skizofrenia wanaoendelea kusikia sauti licha ya dawa, na hapo lengo la kwanza si kuzinyamazisha. Sauti ikitishia “usipotii utakufa”, mgonjwa anasaidiwa kukaidi jambo dogo lisilo na hatari, ajionee kama kweli ina mamlaka hayo.

Tusidanganyane: tiba hii haimfai kila mtu, na wivu uliofikia kuwa imani isiyotikisika kwa kawaida huhitaji dawa kwanza.

Ametishia kuniua. Nivumilie hadi apone?

Hapana, dada yangu. Ondoka kwanza, nenda kwa ndugu, toa taarifa polisi. Usikiri uongo ili yaishe. Kukiri kunaweza kuwasha moto zaidi. Hospitalini, iwe Muhimbili, Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi, mweleze daktari vitisho vyote na silaha iliyomo ndani. Wakati mwingine matibabu yenyewe hudai mkae mbali kwa muda, na atakayekushauri kurudi mapema aulizwe atalala wapi usiku huo.