Asidi na jeni za figo: mRNA ikiongezeka, usikimbilie kusema jeni imewashwa

Ukiziweka seli za mirija ya figo katika mazingira yenye asidi kwa saa kadhaa kisha ukapima mRNA (nakala ya jeni ambayo seli huisoma kutengeneza protini), utakuta jeni fulani zimepanda. Wengi huishia hapo na kuandika kwamba asidi imeziwasha. Wingi wa mRNA una pande mbili: kasi ya kunukuliwa kutoka kwenye DNA na kasi ya kuoza. Seli ya figo hutumia zote mbili, na jeni mbili mashuhuri katika somo hili, PCK1 na GLS, zimefuata njia tofauti.

Kwanza tuone kwa nini seli hii ishughulike na asidi. Mtu mzima huzalisha kila siku takriban milimoli 1 ya asidi isiyo tete kwa kila kilo ya uzito wake. Asidi hiyo hula bikaboneti ya damu, inayozuia damu isiwe na asidi nyingi, na ni kazi ya figo kutengeneza bikaboneti mpya. Kazi hii hufanyika hasa katika sehemu ya mwanzo ya mrija, ile inayopokea maji yaliyochujwa mara tu yanapotoka kwenye glomerulusi, chujio la figo. Seli zake huchukua glutamini kutoka kwenye damu, na ndani ya mitokondria kimeng'enya cha glutaminasi hung'oa amoniamu ya kwanza na kuacha glutamati. Kimeng'enya cha pili hung'oa amoniamu nyingine. Mifupa ya kaboni inayobaki hupitia PEPCK, kimeng'enya cha jeni ya PCK1, na kuishia kuwa glukosi au kuchomwa kabisa. Kwa kila molekuli ya glutamini hupatikana amoniamu 2 zinazotolewa kwenye mkojo na bikaboneti 2 zinazorudi kwenye damu. Katika hali ya kawaida mkojo hubeba amoniamu ya milimoli 30 hadi 40 kwa siku. Asidosisi kali, yaani asidi kuzidi mwilini, ikidumu siku kadhaa, kiasi hicho kinaweza kupita 200. Ongezeko kubwa namna hiyo linahitaji vimeng'enya vingi zaidi, na hapo ndipo jeni zinapoingia.

PCK1 hupanda haraka, ndani ya saa chache. Asidi huamsha mnyororo wa ishara unaopitia kinasi iitwayo p38, nayo huitia fosfati protini ya ATF-2, ambayo hukaa kwenye DNA mbele ya jeni na kuongeza unukuzi. Katika seli za nguruwe za LLC-PK1-F+, ambazo zimetumika sana kwa kazi hii, dawa ya SB203580 inayozuia p38 hupunguza mwitikio huo. Ukiitumia kwa mikromoli 10 kwa lita, kumbuka sahani za kulinganisha zipate DMSO, kiyeyusho cha dawa hiyo, kwa kiasi kilekile.

Glutaminasi, jeni ya GLS, ina mambo yake. Unukuzi wake haubadiliki kwa maana, ila mRNA yake huishi muda mrefu zaidi. Kwenye mkia wa mRNA hiyo, baada ya sehemu inayotafsiriwa kuwa protini, kuna vipande vifupi vya nyukliotidi 8 vyenye wingi wa A na U. Protini iitwayo zeta-kristalini hushika vipande hivyo, na asidosisi huongeza ushikaji huo. HuR na AUF1, protini nyingine zinazoshika mRNA, nazo zimo katika kazi hii. (Zeta-kristalini ilijulikana kwanza kama protini ya lenzi ya jicho la simbilisi na ngamia. Huyu si mgeni ambaye mtu angetarajia kumkuta kwenye figo.) PCK1 pia ina vipande vya aina hiyo mkiani na mRNA yake huimarika kiasi, kwa hiyo kwake njia zote mbili zimo, ingawa unukuzi ndio unaoongoza.

Utazitofautishaje njia hizi? Njia ya zamani ni kuzima unukuzi kwa aktinomaisini D, mikrogramu 5 kwa mililita, kisha kuvuna seli katika saa 0, 2, 4, 8 na 12. Mteremko wa mRNA iliyobaki ukiwa mdogo zaidi kwenye asidi, mRNA imeimarika. Tatizo ni kwamba dawa hii ni sumu, na kadiri saa zinavyosonga unapima seli zinazokufa. Isitoshe, kuzima unukuzi wote huzima pia protini za muda mfupi ambazo kazi yao ni kuharibu mRNA, na matokeo yake baadhi ya mRNA huonekana imara kuliko zilivyo.

Mimi napendelea kuanza na RNA changa, ile ambayo introni zake (sehemu zinazoondolewa kabla ya mRNA kukomaa) hazijakatwa. Tengeneza praima (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia nakala) moja ndani ya introni na nyingine kwenye eksoni jirani, sehemu inayobaki. RNA changa huishi muda mfupi sana, kwa hiyo wingi wake hufuata kasi ya unukuzi kwa karibu. RNA changa na mRNA komavu zikipanda pamoja, unukuzi umeongezeka. Ikipanda komavu peke yake, tafuta jibu kwenye uimara. Kipimo hiki huharibika kwa sababu moja kuliko zote: DNA ya kijenomu iliyobaki kwenye sampuli nayo ina introni. Tumia DNase, kimeng'enya cha kuharibu DNA, na kwa kila sampuli weka kisima ambacho hakikutiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa cDNA. Kisima hicho kikitoa ishara chini ya mizunguko 5 baada ya sampuli yenyewe, safisha upya.

Haya yote hayana maana kama asidi yenyewe haikupangwa vizuri, na hapa ndipo majaribio mengi huharibika kabla hata ya RNA kutolewa. pH ya midia (kimiminika cha kukuzia seli) hutokana na uwiano wa bikaboneti na kaboni dioksidi: pH = 6.1 + log ya bikaboneti iliyogawanywa kwa 0.03 × shinikizo la CO2. Inkubeta ya CO2 asilimia 5 ina shinikizo la karibu mmHg 38. Bikaboneti ya milimoli 25 kwa lita hutoa pH ya 7.44; ya milimoli 10 hutoa 7.04; ukitaka 6.9, shuka hadi milimoli 7.2. Sasa angalia midia ya DMEM ya kawaida. Ina bikaboneti ya milimoli 44, kwa sababu ilipangiwa CO2 asilimia 10. Ukiiweka kwenye asilimia 5, pH yake hukaribia 7.7. Seli unazoziita za kawaida zinaishi kwenye alkali, na tofauti unayoipima si ile uliyodhani.

Unapopunguza bikaboneti, fidia sodiamu. Umetoa milimoli 15 za sodiamu bikaboneti? Ongeza milimoli 15 za sodiamu kloridi, la sivyo utakuwa umebadilisha pia osmolaliti (wingi wa chembe zilizoyeyuka), na seli za figo huitikia osmolaliti kwa jeni zake nyingi. Kama una wasiwasi na kloridi, tumia sodiamu glukoneti badala yake katika jaribio la pili. Acha midia ndani ya inkubeta usiku mzima, kifuniko kikiwa kimelegezwa, kabla ya kuipa seli. Pima pH mara tu unapoitoa, maana CO2 hutoroka na pH hupanda ndani ya dakika chache mezani.

Kupandisha CO2 hadi asilimia 10 huku bikaboneti ikibaki 25 kutakupa pH ya 7.14. Hiyo ni asidosisi ya upumuaji, si ya kimetaboliki. Seli haipati ujumbe uleule, kwa hiyo usichanganye matokeo ya njia hizi mbili kwenye grafu moja. Midia isiyo na bikaboneti, inayotumia bafa ya HEPES kushikilia pH, ni jambo la tatu tena: umezinyima protini zinazosafirisha bikaboneti malighafi yao.

Kuna pia mteremko wa polepole. Seli kwenye glukosi ya milimoli 25 hutoa asidi laktiki, na baada ya saa 48 bila kubadilisha midia, sahani ya kawaida imeshaisogelea ya asidi. Badilisha kila baada ya saa 24 na upime pH ya midia unayoitoa, si ile unayoingiza tu.

Kwenye qPCR, kipimo cha wingi wa mRNA kwa kunakili cDNA yake mzunguko baada ya mzunguko, jeni ya kulinganishia huamua karibu kila kitu. GAPDH haifai hapa: ni kimeng'enya cha glikolisisi (uvunjaji wa glukosi), na asidi huibana glikolisisi. Tuseme Ct (mzunguko ambao ishara huonekana; ikishuka, mRNA ni nyingi zaidi) ya PCK1 imeshuka kutoka 24.0 hadi 21.5. Jeni ya kulinganishia ikibaki 18.0, ongezeko ni mara 5.7. Lakini ikiwa mRNA ya jeni hiyo imepungua kwa nusu na Ct yake ikapanda hadi 19.0, hesabu itakuambia mara 11.3. Tumia jeni tatu, kwa mfano HPRT1, TBP na 18S, na uzithibitishe kwanza kwenye seli zako, katika pH zote mbili.

Mwisho, pima protini, na pima pia baada ya kurudisha pH 7.4. Katika panya wanaopona asidosisi, mRNA za PCK1 na GLS hushuka haraka, lakini protini ya glutaminasi hubaki juu kwa siku nyingi kwa sababu huoza polepole. Ukivuna seli siku moja baada ya kurudisha pH, mRNA itakuambia mwitikio umekwisha huku mitokondria bado zimejaa kimeng'enya. Panga angalau vipindi vitatu vya kuvuna, kimoja kikiwa siku kadhaa baadaye.