Amelipa au amelipwa? Jinsi kompyuta inavyosoma na kusikiliza Kiswahili

Tazama vichwa viwili vya habari ambavyo gazeti lolote lingeweza kuvichapa kesho: "Mwanafunzi arusha droni Arusha" na "Moshi watanda Moshi". Msomaji wa Kiswahili hasiti. Anajua kuwa arusha ya kwanza ni kitendo na ya pili ni mji, na kwamba kilichotanda ni moshi wa moto. Kompyuta haina ujuzi huo. Kwake neno ni mfululizo wa herufi tu, na mifululizo hii inafanana. Herufi kubwa huisaidia kidogo, lakini moshi wa kuni nao ukianza sentensi huandikwa kwa herufi kubwa, na katika mazungumzo herufi kubwa haisikiki kabisa.

Kuitoa kompyuta kwenye utata wa namna hii ndiyo kazi ya utafiti wa uchakataji wa lugha, fani inayoshughulikia maandishi na sauti ya binadamu. Matunda yake tunayo mikononi: simu inayomalizia neno kabla hujamaliza kuandika, tafsiri ya mtandaoni, programu inayogeuza maneno ya mdomo kuwa maandishi. Yamefika hata mahakamani. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama nchini, na Mahakama ya Tanzania imeanza kutumia mfumo wa kunukuu na kutafsiri yanayosemwa wakati wa shauri. Mtu anapotoa ushahidi kuhusu deni, tofauti kati ya "amelipa" na "amelipwa" ni tofauti kati ya kushinda kesi na kushindwa. Tofauti yenyewe ni sauti moja, w. Makala haya yanahusu hiyo w na ndugu zake.

Tuanze na maandishi. Katika "Moshi watanda", ile wa- imetokana na u- ya ngeli ya mti na mto kuungana na -a- ya wakati. Lakini wa- hiyohiyo inaweza kuwa ya watu wengi, kama katika "wageni watanda viwanjani". Programu nzuri huyashika majibu yote mawili, kisha hutazama majirani wa neno: kuna nomino gani karibu, na inapatana na kiambishi kipi? Mji nao una dalili zake, kwa kuwa watu husema "Moshi kumenyesha" au "Moshi kuna baridi", na ku- hiyo inaonyesha kuwa tunazungumzia mahali. Upatanisho wa kisarufi, ambao wanafunzi wengi hujiuliza utawafaa wapi, ni miongoni mwa zana kuu za kazi hii.

Sasa chukua "hatutawasomesha". Ni neno moja lenye vipande saba: ha-tu-ta-wa-som-esh-a. Badilisha nafsi, wakati, mtendwa na mnyambuliko, na mzizi mmoja utazaa maumbo maelfu kwa maelfu. Hakuna kamusi inayoweza kuyaorodhesha yote, kwa hiyo mashine ilibidi ifundishwe kufumua neno. Hatua kubwa ya mwanzo kwa Kiswahili ilitoka Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi alibuni njia ya kuchambua maneno kwa kompyuta akiwa na Kifini mbele yake, lugha ambayo nayo hurundika viambishi. Arvi Hurskainen akaielekeza njia hiyo kwenye Kiswahili kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na kazi yake ikazaa mfumo uitwao SALAMA pamoja na hazina ya maandishi ya Kiswahili ambayo watafiti wanaitumia hadi leo.

Mifumo ya sasa ya akili unde haipewi kanuni kwa mkono. Husomeshwa maandishi mengi mno na kujifunza kukisia kinachofuata. Kabla ya hapo, maneno hukatwa vipande kwa kuangalia herufi zipi hukaa pamoja mara nyingi, si kwa kuangalia mzizi uko wapi. Pale ambapo sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza, Kiswahili hukatwa ovyo. Hatutawasomesha inaweza kutoka kama hat-utaw-as-omes-ha, vipande visivyo na maana kwa yeyote aliyekaa darasa la Kiswahili. Matokeo yake ni mawili. Sentensi yetu hutumia vipande vingi kuliko sentensi ya Kiingereza yenye maana ileile, na kwa kuwa huduma nyingi hutoza kwa kipande, tunalipa zaidi. La pili ni zito zaidi: kiambishi cha ukanusho au cha mtendwa kinaweza kuzikwa ndani ya kipande kingine, na mashine ikalazimika kukisia nani kamtendea nani. Kwa maoni yangu, watafiti wa lugha za Kibantu hawapaswi kuutupa ujuzi wa viambishi kwa sababu tu umepata umri. Ukiunganishwa na mbinu mpya unafanya kazi ambayo wingi wa maandishi peke yake haujaifanya.

Kwenye sauti ugumu unaongezeka. Maikrofoni hupima msukumo wa hewa, kwa kawaida mara 16,000 kila sekunde. Programu huukata mfululizo huo katika vidirisha vya milisekunde 25, kila kimoja kikianza milisekunde 10 baada ya kilichotangulia, na katika kila kidirisha hupima nguvu ya sauti nyembamba na nzito. Ramani hiyo ya nguvu ndiyo mashine "inayosikiliza". W ya amelipwa hukaa katika vidirisha vichache tu, ikiwa imebanwa kati ya p na a. Ukizungumza ukiwa stendi ya mabasi, au soko la Kilombero jijini Arusha, injini za bodaboda zikinguruma, vidirisha hivyo vichache ndivyo vya kwanza kupotea.

Laini ya simu ya kawaida nayo ina mpaka wake. Kwa desturi hupitisha sauti za kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400, na sehemu kubwa ya mlio wa s iko juu ya hapo. Ndiyo maana unapotaja jina lako kwenye simu, s na f huchanganywa hata na binadamu. Ongeza kwamba wengi wetu wa bara hutamka th kama s na dh kama z: selasini, zahabu. Hayo ni matamshi ya mamilioni ya watu, na mfumo unaouzwa Tanzania unapaswa kuyatarajia.

Hapo namfikiria mkulima wa kahawa wa Kibosho au mama muuza ndizi wa Mbuyuni anayetaka kuweka hesabu zake kwa kuzungumza na simu. Akisema "elfu ishirini na tano", ni 25,000 au 20,005? Sarufi inaruhusu zote mbili. Binadamu anajua hakuna mkungu unaouzwa 20,005. Akisema "nikumbushe saa mbili", simu iliyojengwa kwa mazoea ya Kiingereza itaweka kengele saa nane, kwa kuwa imesoma 2 kwenye uso wa saa. Na akisema "nimeacha hela kwa Mangi", mashine iliyolelewa kwa habari za magazeti itatafuta kiongozi wa kihistoria kama Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, wakati kila mtoto wa mtaani anajua kuwa Mangi ni mwenye duka. Mambo kama haya hayarekebishwi kwa kompyuta yenye nguvu zaidi. Yanahitaji mtu anayeishi na lugha akae na mtafiti na kusema, hapa mmekosea.

Suala la vipimo linanikera zaidi. Kampuni hutangaza kuwa mfumo wao "unaelewa Kiswahili kwa asilimia" fulani. Kipimo kinachotumika sana ni kuhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha kugawanya kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Chukua sentensi hii ya maneno saba: "Mteja amelipwa shilingi elfu hamsini leo asubuhi." Mfumo wa kwanza unaandika asubui badala ya asubuhi. Wa pili unaandika amelipa badala ya amelipwa. Kwa kipimo hicho yote miwili imekosa neno moja kati ya saba, karibu asilimia 14. Kosa la kwanza halimdhuru mtu. La pili limehamisha shilingi elfu hamsini kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Taasisi yoyote ya umma inayotaka kununua mfumo wa aina hii, iwe hospitali, chama cha ushirika au halmashauri, iombe orodha ya makosa yenyewe, na iombe makosa ya ukanusho, ya kutendwa na ya namba yahesabiwe peke yake. Muuzaji asiyeweza kuitoa hajakijaribu Kiswahili vya kutosha.

Taasisi hiyo iulize pia sauti zilizotumika ni za nani. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, unaopokea sauti za Kiswahili za watu wa kujitolea, huwapa watu sentensi wazisome, kisha watu wengine husikiliza na kuthibitisha. Masakhane, mtandao wa watafiti wa Kiafrika ulioanza mwaka 2019, ulitoa mwaka 2021 data ya majina ya watu, mahali na mashirika katika lugha 10 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, kutoka kwenye habari. Kazi zote mbili nazithamini sana. Hata hivyo sentensi iliyosomwa si mazungumzo. Mtu akiongea hurudia, hukatiza, husema "yaani" na "si ndiyo", huchanganya Kichaga au Kimaasai katikati. Bibi wa Marangu aliyekijua Kiswahili ukubwani ana mahadhi yake, na chalii wa Ngarenaro ana yake. Mfumo ambao haujawahi kuwasikia utawakosea wao kwanza, na mara nyingi hao ndio wasioandika kwa urahisi, yaani wenye haja kubwa zaidi ya kuongea na mashine.

Kanda hii ya kaskazini mwa Tanzania ina utajiri ambao mtafiti wa lugha hawezi kuupuuza. Kichaga, chenye lahaja zake nyingi, kina toni, na kupanda au kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana. Kimaasai kinakwenda mbali zaidi: toni ya nomino huonyesha nani ametenda na nani ametendewa, jambo ambalo maandishi ya kawaida hayalionyeshi. Ukivuka Karatu kuna Kiiraqw, lugha ya Kikushi, na kuelekea Ziwa Eyasi kuna Kihadza chenye sauti za kidoko, yaani za kugonga ulimi mdomoni. Mbinu zilizozoea Kiswahili, ambacho hakina toni, haziwezi kuhamishwa huko jinsi zilivyo.

Kwa hiyo utasikia watafiti wakiomba sauti, na ningependa watu wakubali. Lakini wakubali wakijua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa ajili gani. Anayekuja na kinasa sauti aeleze anafanya kazi na nani, sauti itahifadhiwa wapi, kama itauzwa, na utafanyaje ukitaka iondolewe. Aeleze kwa Kiswahili chepesi, au kwa lugha ya mzee anayehojiwa, kabla ya kubonyeza kitufe.

Uangalifu huo una sababu nyingine. Ujuzi uleule unaogeuza sauti kuwa maandishi ukigeuzwa hutengeneza sauti kutoka kwenye maandishi, na mifumo ya sasa inaweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikiliza rekodi fupi tu. Matapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" wamekuwa wakitumia ujumbe wa maandishi, na hakuna kinachowazuia kuhamia kwenye sauti ya mwanao. Akipiga kwa namba ngeni, anahema, anaomba pesa haraka, kata simu na umpigie kwa namba uliyo nayo siku zote. Kama ni ujumbe wa maandishi, usiufute kwanza: uelekeze kwenda 15040, namba iliyotengwa kwa kuripoti utapeli wa simu.