Shahada gani kwa anayetaka kazi ya mbio za magari? Yanayosemwa na ukweli wake

Dhana: Lazima usome shahada yenye jina la uhandisi wa mbio za magari.

Ukweli: Shahada hizo zipo, Oxford Brookes ya Uingereza wanayo, lakini timu huajiri kwa idara. Shokapu na giaboksi humtaka mhandisi mitambo. Vihisi na nyaya ni vya mtu wa umeme. Umbo la bodi ni la aliyesoma mwendo wa hewa. Adrian Newey, mbunifu maarufu wa magari ya Formula 1, alisomea uhandisi wa anga. Kijana wa Moshi mwenye PCM (fizikia, kemia na hisabati) asiiache nafasi ya uhandisi mitambo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa sababu ya jina tu.

Dhana: Ukiwa na mkono mzuri gereji, hesabu si lazima.

Ukweli: Hapa ndipo wengi wanapokwama. Chukua gari la kilo 1,200, mita 2.5 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 50 kutoka chini. Likifunga breki kwa nguvu sawa na 0.8 ya uzito wake, mzigo unaohamia mbele ni 1,200 × 0.8 × 0.5 ÷ 2.5, yaani kilo 192. Asiyeupigia hesabu huzipa breki za nyuma nguvu nyingi mno. Tairi za nyuma hujifunga kwanza na gari hugeuka mkia mbele.

Au mwinuko: Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 13, na injini isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Fundi asiyelijua hili atabadilisha plagi na pampu bure.

Dhana: Diploma inakufungia njia.

Ukweli: Hapana. Diploma ya magari ya Chuo cha Ufundi Arusha, ukiwa na ufaulu unaotakiwa, inakupeleka shahada. Pengo lake huwa kwenye kalkulasi. Lizibe kabla ya mwaka wa kwanza.

Dhana: GPA (wastani wa alama za chuo) kubwa inatosha.

Ukweli: Mwajiri huuliza umetengeneza nini, umepima nini. Ndiyo maana Formula Student, ambamo wanafunzi hubuni na kuunda gari lao, inaheshimiwa sana. Chuo chako hakina timu? Pima uzito wa gari kwa kila tairi. Ukiwa na mizani moja tu, inua tairi tatu nyingine kwa mbao zenye kimo kilekile cha mizani. Sawazisha upepo wa tairi, dereva akae kitini, kisha litikise gari kabla ya kusoma namba ili springi zitulie. Sakafu ikiinama hata milimita chache, namba zitadanganya. Rudia mara tano, na tofauti kati ya vipimo iandike kwenye ripoti, usiifiche.