Ibada ngeni si lazima iwe ibada mbaya

Wengi hapa Mombasa huamini kwamba ibada ikishangaza macho, basi waumini wake wamepungukiwa na akili. Si kweli.

Chukua Wajaini, wafuasi wa dini ya kale iliyotoka India, wenye hekalu lao barabara ya Langoni, Mji wa Kale. Wengi wao hawali mbatata, vitunguu wala thomu. Mpita njia aliyeshika viazi vya karai atacheka. Lakini sababu yao imenyooka: dini inawakataza kudhuru chenye uhai, na kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vijidudu vya udongoni. Ukishaujua msingi huo, mengine yanafuatana vizuri kuliko mengi tunayoyafanya kwa mazoea tu. Waweza kuukataa msingi, mimi naukataa, bila kumwita mwenzio mwendawazimu.

Sasa tazama msitu wa Shakahola, kaunti jirani ya Kilifi, walikokusanyika wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie. Kuanzia mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wakiwa wamekufa njaa, watoto wakiwemo. Ibada yenyewe? Kufunga! Jambo ambalo Waislamu na Wakristo wa pwani tunalijua tangu utotoni. Halikuwa na ugeni wa kumshtua jirani, na hilo ndilo linaloniuma.

Cha kuuliza ni nani anaumia, na je, anaweza kuondoka akitaka? Ramadhani ikifika, mgonjwa na msafiri wana ruhusa ya kula, na mtoto mdogo halazimishwi. Kule msituni, aliyedhoofika hakuruhusiwa hata maji.