Usimamizi wa Utendaji katika Serikali za Mitaa na Maendeleo Endelevu ya Vijijini

Usimamizi wa utendaji ni utaratibu unaoiwezesha taasisi kuamua mapema inataka kufikia nini, kupima kazi yake kadiri inavyoendelea, na kurekebisha mwenendo wake kulingana na vipimo hivyo. Katika serikali za mitaa, utaratibu huo huanzia kwenye mpango na bajeti, hushuka hadi kwenye malengo ya idara na ya kila mtumishi, kisha hujitokeza katika taarifa za robo mwaka na ukaguzi. Wengi hudhani kwamba ni zile fomu za kumtathmini mtumishi tu, ilhali fomu hizo ni sehemu ndogo yake, na pengine ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote.

Maendeleo endelevu, kwa maana iliyoenezwa na ripoti ya mwaka 1987 ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, ni yale yanayokidhi mahitaji ya sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi mahitaji yao. Vijijini maana hiyo haielei hewani, kwa kuwa ardhi, maji na misitu ndivyo vinavyowapa watu riziki. Ugumu ni kwamba mwaka wa fedha una miezi 12, nao udongo uliochoka hauponi ndani ya muda huo.

Tuchukue maji. Halmashauri inayopimwa kwa idadi ya visima itachimba visima, tena itavichimba haraka kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Pampu ikiharibika na kipuri kikakosekana, wananchi hurudi mtoni, lakini katika taarifa kisima hicho kinaendelea kuhesabiwa kuwa mafanikio. Kiashiria kikibadilishwa, kikawa asilimia ya vituo vinavyotoa maji siku vinapokaguliwa, pamoja na idadi ya siku ambazo matengenezo huchukua, halmashauri hiyo hiyo inakuwa na sababu ya kutenga fedha za matengenezo, kufundisha mafundi wa karibu na kuipa nguvu kamati ya watumiaji maji. Upandaji miti nao uko hivyo: kuhesabu miche iliyopandwa ni rahisi, lakini msitu hutokana na miche iliyo hai miaka mitatu baadaye.

Mwaka 1975 mchumi wa Uingereza Charles Goodhart, akizungumzia sera ya fedha, alieleza kwamba uhusiano wa kitakwimu huelekea kuvunjika pindi unapotumiwa kama chombo cha kudhibiti. Onyo hilo linazihusu pia serikali za mitaa, hasa pale ambapo ruzuku au cheo hutegemea alama, kwa sababu mtumishi hujifunza upesi kuishughulikia namba badala ya kijiji. Isitoshe, ni dhuluma kuipima halmashauri kwa jambo ambalo haina mamlaka nalo, au ambalo fedha zake kutoka serikali kuu zilichelewa kufika.

Takwimu zenyewe zina mtego mwingine. Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa mwaka 2015 ni 17, nayo yana shabaha 169, na mara nyingi hutolewa taarifa kwa wastani wa nchi nzima. Wastani wa wilaya ukipanda kwa sababu mji wake mdogo umepata huduma, vijiji vya pembezoni vinaweza kubaki vilivyokuwa bila mtu kugundua. Ndiyo maana taarifa ya halmashauri inapaswa kuchambuliwa kijiji kwa kijiji.

Swali ambalo husahaulika ni nani anayeisoma taarifa hiyo. Ikienda juu tu, wizarani, watendaji watawajibika kwa wizara. Ikisomwa pia katika mkutano wa kijiji, mama anayechota maji kila asubuhi anaweza kusimama na kusema kwamba kisima kilichoandikwa kuwa kinafanya kazi kimekauka tangu kiangazi, jambo ambalo huenda mkaguzi asiligundue hadi afike mwaka unaofuata.